Fundi wa Oberndorf na bunduki zilizofika kwetu

Kila nikisoma habari za Majimaji kuna kitu kinanikaa kichwani, maana Kinjekitile tunamjua, habari ya maji tunaijua, ila zile bunduki walizoshika askari wa Mjerumani zilitoka wapi hasa huwa hatujiulizagi. Zilibuniwa kamji kadogo kanaitwa Oberndorf, kako bondeni kwenye mto Neckar kusini mwa Ujerumani, na fundi wa pale pale, Paul Mauser.

Alizaliwa 1838, kitinda mimba wa watoto 13, baba yake fundi kwenye kiwanda cha bunduki cha mfalme wa Württemberg ambacho kiliwekwa kwenye majengo ya watawa, yaani palipokuwa na sala pakawa na nyundo. Paul na kaka yake Wilhelm ndo wakatoa ile modeli ya 1871: unainua mkono wa chuma, unavuta nyuma, unaweka risasi, unasukuma mbele unafunga, kama komeo la mlango tu. Risasi moja moja, na baruti yake moshi kibao. Ya 1898 ndo ikawa kali zaidi, inabeba risasi tano na haina moshi ule, mpaka Wamarekani walivyoiga wakaishia kulipa dola 200,000. Mwaka 1901 bunduki aliyokuwa anaijaribu ikamtoa jicho la kushoto, na bado akaendelea na kazi.

Sasa huku kwetu askari weusi walipewa zile za zamani. 1905 hadi 1907 zikaua watu wetu kusini, na vita ya 1914 inaanza kombania nyingi za askari bado zilikuwa nazo, ukifyatua tu moshi unamwonyesha adui ulipo. Mtu anatumwa akafe na silaha ambayo Mjerumani mwenyewe kwao alishaiacha, hilo linaniuma mno.

Baada ya vita ya pili Wafaransa walikibomoa kile kiwanda, ila ufundi ulibaki mikononi mwa watu, 1949 wahandisi waliotoka kwa Mauser wakaanzisha kampuni ya bunduki ya Heckler & Koch hapohapo mjini, na zile bunduki za G3 ambazo polisi wa Kenya wamebeba miaka na miaka ni za kampuni hiyo hiyo. Mji mmoja, umetufikia mara mbili.

Wana makumbusho ya silaha kwenye jengo la zamani la kiwanda, lililojengwa kwa ajili ya oda ya Sweden. Mungu akinijalia nitafika, na kitu cha kwanza nitakachotafuta mle ndani ni jina la Songea, huko kusini Majimaji ilikopiganwa.