Geji tatu kwenye Kenta ya baba

Kenta yenyewe, lori dogo la Mitsubishi, ni ya mwaka 1996. Injini ni 4D33, silinda nne, lita 4.2, haina tabo, umeme wake ni volti 24. Baba aliiendesha miaka kumi na saba kati ya Ilula na Dar es Salaam: anashuka mlima Kitonga na matenga ya nyanya, anapanda na mabati, saruji na mafuta ya kula. Sasa magoti yamemchoka, gari liko mikononi mwangu.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, lilinichemkia katikati ya mlima nikiwa na saruji. Mshale wa joto ulikuwa palepale ulipo siku zote, katikati. Nilijua kwa harufu kwanza, kisha mvuke. Hozi ya chini ya rejeta ilikuwa imechanika na maji yameisha yote, na sensa ikishabaki kwenye hewa haina tena inachopima. Gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini, ikaungua, hedi yenyewe ikapinda na kwenda kusawazishwa. Nilikaa wiki tatu bila kazi. Ndipo nikaamua kufunga geji za kweli, zenye namba, na kuandika kila hatua.

Wiki ya kwanza

Nimenunua Gerezani, Kariakoo: geji ya joto la maji, ya presha ya oili na ya volti. Zote milimita 52, kwa hiyo zinaingia kwenye kibebeo kimoja cha matundu matatu. Ya joto ni ya umeme. Ya oili nimechukua ya mpira mwembamba, ile ambayo oili yenyewe inapanda hadi kwenye geji. Ndani yake kuna bomba bapa lililokunjwa kama ndoano. Presha ikiingia linataka kunyooka, na kule kunyooka ndiko kunakosukuma mshale. Eugène Bourdon, Mfaransa, alilisajili bomba hilo mwaka 1849 na hadi leo haijapatikana njia rahisi zaidi. Naipenda kwa sababu haihitaji waya. Hata betri ife, presha nitaiona.

Mtu ataniuliza mbona oili, wakati tatizo langu lilikuwa maji. Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi na presha yake inashuka. Siku maji yatakapokwisha ghafla na geji ya joto ikakosa la kusema, ya oili itakuwa bado inasema kitu. Nataka mashahidi wawili.

Wiki ya pili

Sikufunga chochote kabla ya kupima. Nimeiweka sensa ya joto kwenye sufuria jikoni, waya zimeenda kwenye geji mezani, betri ndogo pembeni, maji yakachemka sawasawa. Mshale ukasimama 95. Nikamwaga, nikaanza upya. 95. Nilikuwa nimeshafunga boksi niirudishe dukani.

Mdogo wangu anayefundisha fizikia ndiye aliyenizuia. Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanawahi kuchemka: kwa kila mita 300 hivi unapoteza digrii moja. Piga hesabu, unapata 95. Geji ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyetaka isome 100 kwa sababu darasani tuliambiwa 100.

Hapo nikaelewa na jambo la kifuniko cha rejeta, ambacho wengi huku wanakitoa au wanafunga chochote kinachokaa. Changu kimeandikwa 0.9. Kikibana vizuri kinaongeza presha ndani, na maji badala ya kuchemka kwenye 95 yanavumilia hadi karibu na 115. Kikichoka unapoteza digrii ishirini za usalama, na rejeta inaonekana nzima kabisa. Nimenunua kipya siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu

Umeme. Hapa nimetumia muda mrefu kuliko pote na sijutii.

Geji ya joto ni ya volti 12, gari ni 24, yaani betri mbili zimeungwa mfululizo. Fundi umeme pale Ipogoro akaniambia, "Dada, chukua tu kwenye betri moja, unapata kumi na mbili yako." Ni ushauri wa kila gereji. Lakini alteneta inachaji betri zote mbili kama kitu kimoja. Ukinyonya moja tu, hiyo inabaki na njaa, na mwenzake ambaye hakutumika anajazwa kupita kiasi. Zote zinakufa, kila moja kwa ugonjwa wake.

Nilipoweka mita nikakuta betri ya nyuma 12.7, ya mbele 12.1. Nikaufuata waya mmoja mwekundu uliofungwa gundi ya plastiki, ukapita chini ya kiti, ukaibukia kwenye redio. Redio ya baba! Miaka yote hiyo ilikuwa inakula betri ya mbele peke yake. Na ni kweli, nyumbani tulikuwa tunanunua betri ya mbele mara mbili kabla ya ile ya nyuma, na tukiamini ni moto wa injini unaoiua.

Nimeweka kibadilisha umeme cha 24 kwenda 12, ampia 5, kimeshika betri zote mbili kupitia swichi na fyuzi yake. Redio na geji ya joto zinakula hapo. Geji ya volti nimeirudisha na kuchukua ya 24 inayosoma hadi 32. Gari likinguruma inasoma 28. Nimemwonyesha baba, akaitazama muda mrefu, akauliza kama redio bado inapiga.

Wiki ya nne

Presha ya oili. Nimetoa swichi ya taa ya oili pembeni mwa bloku, nikaweka tii ya shaba, kiungio chenye matawi matatu, ili taa ya zamani ibaki na geji iingie. Angalieni nyuzi, ile mikato ya skrubu. Tundu la Kijapani ni robo-nusu, inchi moja ya nane, nyuzi 28 kwa inchi. Viungio vingi vya dukani ni vya Kimarekani, inchi moja ya nane vilevile, ila nyuzi 27. Vinaingia raundi mbili vizuri kabisa, kisha vinakaza, na mtu anaongeza spana akidhani ni ukavu. Nilisimama kwa bahati tu. Fundi wa kuchonga amenitengenezea tii yenye nyuzi zinazostahili.

Asubuhi injini ya baridi: bari 4.5. Ikishapata moto, imesimama inanguruma tu: bari 1.2. Nimeziandika kwa kalamu nyeupe ndani ya mlango wa dereva, ziwe za kulinganishia.

Wiki ya tano

Sensa ya joto niliifunga kwanza kwenye hozi ya juu, kwa kile kipande cha alumini kinachokatiza mpira. Mshale haukuinuka kabisa. Nusu saa nikitafuta waya uliokatika, kumbe hakuna. Sensa inarudisha umeme kupitia mwili wake, na hapo mwili umezungukwa na mpira pande zote mbili. Nikavuta waya kutoka kwenye alumini hadi kwenye bloku, ikaamka.

Ila siku mbili baadaye nikaitoa. Hozi ya juu iko baada ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Themostati ikigoma kufunguka, injini itaungua huku geji inasoma maji ya baridi yaliyolala kwenye hozi. Ningekuwa nimenunua mwongo wa pili. Nimefungua nyumba ya themostati, nikaipeleka kwa fundi wa kuchonga, akatoboa upande wa injini mahali penye nyama nene. Sasa sensa iko kwenye maji yanayotoka hedi moja kwa moja. Kibarua cha siku nzima, na ndicho ninachojivunia zaidi.

Wiki ya sita

Leo tumepanda. Tani mbili na nusu za saruji kutoka Mikumi, baba kiti cha pembeni, saa nane mchana kwa makusudi, jua likiwa kali. Bonde la mibuyu lote mshale umekaa 84, 85. Baada ya Ruaha Mbuyuni ukaanza kujongea. Mahenge 88. Tulipoanza kona zenyewe nyuma ya lori lililokuwa likitambaa, 93, 96. Presha ya oili bari 3.4. Mshale wa zamani, katikati.

Nilikuwa nimejiwekea 105 kuwa mwisho: hapo natafuta pa kusimama, sizimi injini mara moja, naiacha ingurume. Ikafika 101.

"Mama," baba akasema, "rudisha gea moja, kisha fungua hita."

Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunalia kwa hita hiyo. Jua la Kitonga, madirisha wazi, na mzee anatupulizia moto miguuni bila maelezo. Nikarudisha gea, injini ikazunguka haraka zaidi na feni pamoja nayo. Nikafungua hita hadi mwisho, inyonye joto kutoka kwenye maji ya injini. Tukakaa kimya, wote wawili tunatazama geji.

Mia moja. Tisini na tisa. Kwenye kona iliyofuata, tisini na saba, na pale ikakaa hadi juu.

Baba akavua viatu, akaweka miguu pembeni ya tundu la hewa.