Nakala Saba za Kitabu Kimoja cha Ben Hogan

Kabatini mwangu mna nakala saba za kitabu kimoja cha gofu, na kila mgeni anayeziona huniuliza nazifanyia nini zote ilhali maneno yake ni yaleyale. Ni kweli, maneno ni yaleyale. Kitabu chenyewe ni Five Lessons: The Modern Fundamentals of Golf cha Ben Hogan, bingwa wa gofu wa Marekani, alichokiandika pamoja na mwandishi wa michezo Herbert Warren Wind, kikachapishwa New York na A. S. Barnes mwaka 1957. Lakini nusu ya mafunzo ya kitabu hiki haimo katika maneno. Imo katika michoro ya Anthony Ravielli, na mchoro hauhimili kurudiwarudiwa mtamboni kama sentensi inavyohimili.

Ravielli alikuwa amekwisha kuchora viungo na misuli ya mwili wa binadamu kabla ya kazi hii, na ujuzi huo unaonekana katika kila mkono na kila goti. Alikuwa bingwa wa kuchora kwa kukwangua: ubao hupakwa wino mweusi, kisha msanii huukwangua kwa ncha kali hadi weupe wa chini utokeze, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka wingi wa mistari hiyo uumbe unene wa nyama na mvutano wa mshipa. Kwa hiyo mistari ikiungana, kinachopotea si pambo. Kinachopotea ni somo lenyewe.

Chukua ukurasa wa mshiko wa mkono wa kushoto. Hogan anaagiza fimbo ilazwe juu ya kiungo cha kidole cha shahada, ipande kwa mshazari, kisha ibanwe chini ya ile nyama nene iliyo karibu na kifundo cha mkono, huku vidole vitatu vya mwisho vikifanya kazi ya kukaza. Katika nakala yangu ya mwaka 1957 mistari ya nyama hiyo inahesabika, na macho yanaona bila shaka kwamba fimbo imepita chini yake. Katika nakala moja ya jalada jepesi niliyonunua miaka mingi baadaye, mahali hapohapo pamekuwa doa jeusi. Niliweka nakala hizo mbili mbele ya mzee mmoja aliyewahi kuwa kedi, yaani mbebaji wa fimbo za wachezaji, kwa miaka mingi, nikamwomba ashike fimbo kwa kufuata picha tu, bila kusoma. Kwa picha ya zamani aliishika kama Hogan alivyotaka. Kwa ile ya pili fimbo ilikaa katikati ya kiganja. Akagusa lile doa kwa ncha ya kidole, akaniambia, “Mwanangu, hapa hamna mkono, hapa mna kivuli.”

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Hogan, kwa sababu mshiko wake ulitokana na mateso ya miaka mingi ya mpira uliopindia kushoto. Mchezaji ambaye mpira wake tayari unapindia kulia akiufuata mshiko huo neno kwa neno anaweza kuongeza tatizo lake. Wakosoaji wamelisema hilo mara nyingi, nami nakubaliana nao. Mwandishi anayedai kwamba mchezaji wa kawaida anaweza kumaliza mzunguko wa mashimo 18 kwa mipigo isiyofika 80 anastahili kuonekana vizuri anachokionyesha, hata na yule atakayempinga.

Nakala za London, zilizochapishwa na Nicholas Kaye, zinaitwa The Modern Fundamentals of Golf bila yale maneno mawili ya mwanzo. Yangu niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza bidhaa zake kando ya barabara Nairobi, na ndiyo nakala ninayoipenda kuliko zote, ingawa jalada lake limeliwa na mende. Mmiliki wa zamani aliisoma akiwa na penseli mkononi. Hogan anataka mguu wa kulia ukae kwa pembe ya nyuzi 90 na mstari wa shabaha, na wa kushoto ugeuzwe nje robo ya pembe hiyo, yaani karibu nyuzi 22. Kando ya mguu wa kushoto msomaji huyo ameandika “30”, akaifuta, akaiandika tena kwa kukandamiza zaidi. Wakusanyaji wengi wangeipunguzia thamani kwa alama hizo. Mimi naona hapo mtu aliyekwenda uwanjani, akajaribu, akarudi na jibu lake.

Nimewahi pia kukosea. Muuzaji mmoja alinitangazia toleo la kwanza, nikalilipia kwa bei ya toleo la kwanza, kumbe ndani mlikuwa na dibaji ya Nick Seitz, mhariri wa jarida la gofu, ambayo ni alama ya matoleo ya kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 1957 ulikuwamo kweli katika ukurasa wa taarifa za uchapishaji, kwa kuwa hakimiliki ni ya mwaka huo. Tangu hapo huomba picha ya kurasa zote za mwanzo kabla ya kutuma hata shilingi moja. Nakala hiyo ya jalada jepesi ina udhaifu mwingine ambao haukunijia akilini mpaka nilipotaka kuitumia: ukiiweka sakafuni hujifunga yenyewe, ilhali mikono yako yote miwili imeshika fimbo. Ile ya jalada gumu hutulia wazi hadi umalize.

Hata hivyo, chimbuko la yote ni jarida la Sports Illustrated, lililotoa masomo haya kwa sehemu 5 kuanzia tarehe 11 Machi 1957, kabla hayajawa kitabu. Ninazo sehemu nne. Ninayoikosa ni ya tatu, yenye mchoro wa kioo kipana cha kufikirika, ambacho Hogan alikitumia kuonyesha mshazari wa kuinua fimbo: kimeegemea mabega ya mchezaji, kichwa kikiwa kimechomoza katika tundu, nacho kikiteremka kwa mshazari hadi kwenye mpira. Kuchora kitu kinachopenya mwanga kwa kukwangua wino ni kazi ngumu, na katika nakala zangu mbili za karibuni kingo za kioo hicho karibu zimetoweka. Nataka kuona zilivyokuwa siku ya kwanza zilipopigwa chapa.