Sheria za moshi za California, hapa Mafinga

Mimi ni fundi wa chenso, misumeno ya injini ya kukatia miti, na watu wenye kauli kubwa kuliko wote juu ya zile zinazofika kwenye meza yangu si wenye maduka wala wateja. Ni Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California. Masharti yao ya injini ndogo yalianza kubana mwaka 1995, EPA, wakala wa mazingira wa Serikali Kuu ya Marekani, ikafuata 1997, na baadaye Ulaya nayo ikaweka yake. Kila nikifungua silinda ya mashine mpya naiona kazi yao humo ndani.

Kosa la injini ya tu-stroki, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli na ndiyo iliyomo kwenye chenso, ni la kuzaliwa. Haina valvu. Mchanganyiko mpya wa petroli, oili na hewa unapopanda kutoka chini kuingia silinda, tundu la ekzosi bado liko wazi. Huo mchanganyiko mpya ndio unaousukuma moshi utoke, na sehemu yake inatoka nao kabla haijaona cheche. Kwenye injini za zamani inaweza kufika robo ya mafuta, hata theluthi. Ile harufu ya petroli mbichi nyuma ya mashine kuukuu ni hela ya mwenye mashine inayoondoka.

EPA walianza kwa upole: injini ya kushika mkononi ya cc 50 kwenda juu iliruhusiwa kutoa gramu 161 za haidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua, kwa kila kilowati-saa ya kazi. Awamu ya pili ikashusha hadi gramu 72, tena hapo oksidi za nitrojeni zikiwa zimejumlishwa humohumo. Ndogo za chini ya cc 50 zikawekewa gramu 50. Ulaya, kwenye Stage V, awamu yao ya tano iliyoanza 2019, wanatumia namba hizohizo. Kwa namba hizo hakuna ujanja wa kukaza skrubu tu. Ilibidi injini ichorwe upya.

Wengine walikimbilia silansa yenye kichocheo, inayounguza mabaki yakishatoka silinda. Mimi siipendi. Mafuta yameshapotea, na silansa inachemka kupita kiasi; mtu anayefanya kazi kwenye misonobari mwezi wa tisa, majani yakiwa makavu chini, anajua hatari ya moto ninayoisema.

Dawa yenyewe ilikuwa kutanguliza hewa. Kati ya watengenezaji wa chenso, Husqvarna wanaiita X-Torq, Stihl wanaiita 2-MIX, lakini akili ni moja. Chomoa pistoni utaona ubavuni imechongwa mifuko miwili. Kabureta ina njia mbili, moja ya mchanganyiko na moja ya hewa tupu. Pistoni ikipanda, hewa tupu inapita kwenye ile mifuko na kujaa juu ya njia za kupandishia mchanganyiko. Njia zikifunguka, hewa ndiyo inayotangulia kuingia na kuufukuza moshi; kinachoponyokea ekzosi ni hewa, petroli inabaki nyuma yake. Husqvarna wanasema matumizi ya mafuta yanapungua kwa hadi asilimia 20, na wateja wangu wanaonunua petroli kwa galoni hawabishi. Mpasuaji mbao wa Sao Hill, shamba la miti la hapa kwetu, hajali hewa ya Los Angeles. Anajali kwamba tangi moja linamfikisha mbali zaidi.

Bei yake tumeilipa kwenye kabureta. Ili mtu asirudishe uchafu kwa bisibisi, skrubu za kupimia petroli, H ya mwendo wa kasi na L ya mwendo wa chini, zikavalishwa vikofia vya plastiki visivyozunguka zaidi ya kipande kidogo. Sasa, Mafinga ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mashine iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika huku inakuta hewa nyepesi, petroli inazidi, inakohoa, plagi inajaa masizi. Mteja anakuja amekasirika: "Fundi, nimeuziwa feki." Si feki, imezoea pwani. Wengi wananiomba ning'oe vikofia. Huwa nang'oa, nasawazisha kwa kusikiliza mlio wa mzigo, navirudisha, maana nimeona pistoni nyingi zilizochubuka kwa sababu mtu alibana H akitafuta mlio mtamu, petroli na oili yake vikapungua.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Kabureta za M-Tronic ya Stihl na AutoTune ya Husqvarna zinajisawazisha zenyewe, zinapima mizunguko ya injini na kuamua petroli iingie kiasi gani. Zikipanda kutoka pwani hadi huku hazihitaji bisibisi. MS 500i ya Stihl ikaiacha kabureta kabisa: sensa zinasoma joto na mgandamizo, nozeli inapuliza petroli kwenye krenkesi, chumba cha chini ya pistoni, na umeme wote unatoka kwenye injini yenyewe, hakuna betri. Ina cc 79.2, kilowati 5, kilo 6.2 bila baa na mnyororo. Shida ni kwamba ikigoma unahitaji kompyuta na waya wake, na siyo kila fundi wa barabara ya Iringa anavyo.

Ndiyo maana MS 070, chenso ya zamani ya Stihl, haifi. Mchoro wake una zaidi ya nusu karne, cc 106, uzito zaidi ya kilo 10, inakunywa kama lori. Ulaya na Marekani huipati mpya dukani, lakini Afrika bado inauzwa, pamoja na nakala za Kichina zisizohesabika. Inafunguka kwa spana chache na spea zake zipo kila kona. Naiheshimu, ila aliyeniuliza anunue ipi ya kuangushia misonobari sikumtajia hiyo.

Wapo wanaosema injini za petroli zimekwisha kwa sababu California imezipiga marufuku tangu modeli za 2024. Sheria ile isomwe vizuri. Chenso za cc 45 kwenda juu hazimo, kwa kuwa sheria ya hewa safi ya nchi nzima hairuhusu California kupangia injini mpya ndogo za kilimo na ujenzi, na chenso kubwa zinahesabiwa humo. Za nyumbani ndizo zinazohamia betri, na hapo sina ugomvi. Stihl wenyewe wanalenga betri zifike asilimia 80 ya mauzo ifikapo 2035. Kwa kupogoa parachichi karibu na umeme, betri ni nzuri sana. Ndani ya shamba la miti, kilomita nyingi kutoka kwenye soketi, bado.

Kama unanunua iliyotumika kutoka Marekani, tafuta kibandiko cha EPA kwenye bodi kabla hujauliza bei. Kinataja muda ambao injini imethibitishwa kubaki ndani ya kiwango cha moshi: saa 50, 125 au 300, au herufi C, B na A kwa mpangilio huo. Ya saa 300 imelengwa kwa mtu wa kazi. Ya 50 ni ya kukatia kuni za Krismasi, hata muuzaji akiipaka rangi upya.