Usinitie aibu mbele za watu

Nimefua, nimepiga pasi sare za wiki nzima, nimesonga ugali mara ya pili kwa sababu Baba Nasra kaja na mgeni bila taarifa, na bado ile kauli ya mteja wetu wa famasi iko palepale sikioni.

"Dada, siku nyingine usinitie aibu mbele za watu."

Aliisema taratibu, huku anafunga chenji kwenye pindo la khanga, kisha akamshika nduguye kiwiko wakatoka. Hata hakunikaripia. Ningetukanwa ningekwisha sahau. Mnaosoma hapa mnamkumbuka yule mzee wa kipimo cha sukari na maneno aliyonimwagia, na usiku ule nililala kama kawaida.

Kijana mwenyewe huja kila mwezi na dada yake. Cheti kina haloperido ya jioni, dawa ya ugonjwa wa akili, na artane. Dada husimama kaunta, yeye hubaki nyuma karibu na mizani, mikono mfukoni. Siku zote nazungumza na dada: bei imepanda, bei haijapanda, leo nusu, leo nzima. Jumanne nikamuuliza yeye, maana mafunzo yalikuwa bado ya moto kichwani.

Mafunzo niliwagusia wiki iliyopita, ile ya sambusa za baridi. Mwezeshaji alituambia huduma ya kwanza ya afya ya akili ilianzia Australia mwaka 2000, na kwamba huko wafamasia nao hufundishwa, kwa kuwa mgonjwa anaweza kukaa miezi bila kumwona daktari lakini dawa lazima azifuate. Akasema kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo kichwani. Tukafanyishwa mazoezi wawili wawili. Mwenzangu akacheka kwa haya, mimi nikacheka kwa kumwona yeye. Ndipo mama mmoja wa nyuma akauliza swali lililonyamazisha ukumbi: kwetu Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, nani atakujibu ukweli kaunta? Kenya Mahakama Kuu imetamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Sisi je? Mwezeshaji akasema ndiyo maana unamuuliza mtu pembeni, kwa sauti ya chini. Pembeni wapi, na famasi yetu ina upana wa mkeka?

Basi Jumanne.

"Kaka, habari za tangu mwezi ule? Dawa zinakwendaje?"

"Niulize mimi, dada," akadakia dada mtu. "Huyo atakwambia nini?"

Sikumjibu. Nikaendelea kumtazama kijana. Nyuma yao kulikuwa na mama aliyebeba mtoto wa homa na vijana wawili wa bodaboda.

"Ulimi," akasema.

"Umefanyaje?"

"Mzito. Na shingo inavuta. Hivi." Akaigeuza kuelekea feni, akaiacha hukohuko kidogo.

"Tangu lini?" Sasa aliyeuliza ni dada yake.

"Tangu Ramadhani."

"Mbona hukusema?"

"Hamjaniuliza."

Haloperido huwakaza baadhi ya watu hivyo, shingo, taya, ulimi, na artane imewekwa kwenye cheti kwa kazi hiyo hasa. Nikafungua daftari. Muda mrefu walikuwa wanachukua haloperido peke yake. Nikamuuliza dada mtu kuhusu hiyo nyingine, na niliuliza kwa sauti yangu kubwa ile ya kaunta mnayoijua.

"Niliambiwa ni ya kutetemeka, na hatetemeki," akasema. "Na hela yenyewe..." Hakumaliza. Mmoja wa wale vijana wa bodaboda akaguna.

Mfamasia akatoka, akampigia simu daktari wa kliniki, wakakubaliana artane irudi na kijana aonwe wiki hiyohiyo. Nikachora jua na mwezi juu ya bahasha, nikamkabidhi yeye mkononi, si dada yake. Nikamsisitizia asiache ile ya jioni kwa kuogopa shingo, kwani wengi huacha hapo na ugonjwa ukarudi na nguvu zake.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Hamjaniuliza! Nikamsimulia Baba Nasra, nikamsimulia Bi Mkubwa, nikamsimulia bosi asubuhi. Kwenye daladala niliitamka kimoyomoyo kwa lafudhi yake.

Halafu wakaguzi wakaja wakaondoka, Ijumaa binamu yangu akaolewa hatimaye, na katikati ya ngoma, watu wanatunza, mimi nikajikuta namuwaza dada mtu.

Yeye ndiye anayemfuata nduguye usiku akipotea. Yeye ndiye aliyempeleka kwa sheikh akanyweshwa kombe, na nina hakika ndiye anayesikia majirani wakitania habari za Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wakati anaanika nguo. Bei ya kidonge kimoja kimoja anaijua kuliko mimi. Amebana hela mpaka dozi ikabaki nusu, kisha nusu hiyo ikatangazwa mbele ya bodaboda. Mafunzo yalitufundisha kumtazama mgonjwa machoni. Aliyesimama kando yake hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Na hiyo artane ina lake jambo. Vijana huja kuitafuta bila cheti ili walewe nayo, kwa hiyo neno likitajwa tu kaunta sote tunakunja uso, bosi wa kwanza. Huenda siku ya kwanza dada mtu aliuona uso huo akaona heri aiache.

Swali silijutii. Mwezi ujao nitamuuliza kijana tena, na dada yake nitamsalimu kwanza, nimuulize na yeye analalaje. Nimemwomba bosi aniondolee ile rafu ya nepi nyuma ya mizani nipate nafasi ya benchi moja. Kasema rafu ile inalipa umeme. Nikamwambia benchi fupi. Kasema atafikiri, na ninyi mnajua kufikiri kwa bosi kulivyo, lile pazia la chumba cha sindano tuliliomba tangu mwaka juzi.

Bili ya maji nayo imekuja mara tatu ya kawaida. Nimezunguka nyumba nzima na tochi, nimefunga kila bomba, nimeinama kwenye mita: kale kagurudumu kadogo kanazunguka tu. Baba Nasra anasema ni mita mbovu. Mimi naogopa bomba limepasuka chini ya ile sakafu ya jikoni tuliyoimwaga juzijuzi, na fundi aliyeimwaga hapokei simu.