Penye nia pana njia, lakini anaambiwa nani?

Nimekuwa naifuatilia ile methali ya Waingereza, "where there's a will there's a way", sisi tunasema penye nia pana njia, na kadiri ninavyosoma naona maneno ni yale yale, ila anayeambiwa ndo kabadilika.

George Herbert, padri na mshairi, mkusanyo wake wa methali ulitoka 1640, mwenyewe kashafariki tangu 1633. Humo ipo moja inayosema anayetaka hakosi njia. Fupi hivyo tu.

Sasa nenda 1822, hapa ndo napapenda sana. William Hazlitt, mwandishi wa Kiingereza, aliandika makala kwenye jarida moja la London kuhusu pambano la ngumi la Bill Neate na Tom Hickman, lililopigwa Hungerford, mji mdogo wa Uingereza, Desemba 1821, na sentensi ya kwanza kabisa ndo methali yenyewe kama inavyosemwa leo. Anasema alijiambia hivyo akiwa anatembea kwenda kuulizia pambano litafanyika wapi, maana siku hizo ngumi za mikono mitupu zilikuwa kinyume cha sheria, huwezi kukuta tangazo ukutani. Akachelewa magari ya farasi ya barua, yaliyokuwa yanabeba na abiria, akajilaumu weee, lakini akasonga hivyo hivyo mpaka akapata nafasi na akafika. Yaani mtu anajipa moyo mwenyewe, kwa kitu anachokitaka mwenyewe, hamhubirii yeyote.

Halafu 1859 anakuja mwandishi Samuel Smiles na Self-Help, yaani Kujisaidia, kitabu kilichouza nakala 20,000 mwaka wa kwanza tu, na methali imo, anaiita msemo wa zamani na wa kweli. Sitaki kumwonea. Kitabu kilitokana na mihadhara aliyowapa vijana wafanyakazi wa mji wa Leeds, waliokuwa wameanza wenyewe kukutana jioni wafundishane kusoma, kuandika na hesabu, hakuna aliyewasukuma, na mimi hao nawavulia kofia. Ila ndo Uingereza ile ile ambayo sheria ya 1834 ilitaka maskini mwenye nguvu zake akiomba msaada aingie kwenye nyumba za kazi, mahali maskini walipolishwa huku wakifanyishwa kazi, mume huku, mke kule, watoto kwingine. Mtu wa hali hiyo ukimwambia penye nia pana njia unakuwa umemwambia nini jamani? Umemwambia shida yako umeitaka, hukukaza vya kutosha, na wewe unaondoka mikono mitupu hujamsaidia kitu, tena umeridhika kwamba umemshauri vizuri.

Na hii ndo sura inayoniumiza hadi leo, bosi anamjibu hivyo mfanyakazi aliyeomba vifaa, mwalimu anamjibu hivyo mwanafunzi asiye na kitabu. Smiles mwenyewe naona aliliona hilo, kwa sababu toleo la 1866 ilibidi aeleze kwenye dibaji kwamba jina la kitabu limewafanya watu wadhani anasifia ubinafsi, wakati yeye anaamini kujisaidia kunaenda pamoja na kuwasaidia majirani.