Seva ya muvi ya hapa hapa nyumbani, bila bando

Wadau wa Mtwara mnaoniulizaga seva ya kustrimu muvi nyumbani inataka mashine gani, jamani haitaki cha ajabu, laptopu ya zamani yenye Python (lugha ya kuandikia programu) na rauta basi, na hiyo rauta hata isiwe na bando maana data inazunguka humo humo ndani. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika intaneti ikawa ya kuotea? Seva ya hivi hata habari isingekuwa nayo.

Seva yenyewe, yaani programu inayogawa muvi kwa simu na tivi za ndani, kwenye Python ni obijekti moja tu, kitu kimoja unachokiunda kwenye kodi. Unaiunda kwa ThreadingHTTPServer, unaipa anwani na porti (namba ya mlango wa kuingilia), unaipa na klasi ya kupokea maombi, yaani kodi inayosema ombi lijibiweje, halafu serve_forever ili ikae ikisikiliza, imeisha hiyo. Anwani weka 0.0.0.0 isikilize mtandao wote wa nyumbani, ukiweka 127.0.0.1 inasikiliza laptopu yenyewe tu, simu ya bi mkubwa sebuleni haiioni. Na hiyo Threading usiiache (ipo tangu Python 3.7), HTTPServer ya kawaida inahudumia ombi moja moja, dogo akianza kushusha katuni wengine wote mnapanga foleni kama malori ya korosho nje ya ghala.

Sasa shughuli yenyewe iko kwenye Range, ile ya kuomba kipande tu cha faili. Ukivuta muvi mbele pleya inatuma heda (mstari wa maelezo unaoenda na ombi), mfano "Range: bytes=50000000-", yaani nipe kuanzia baiti ya milioni 50 kwenda mbele, na seva inatakiwa ijibu 206 (nakupa kipande) sio 200 (nakupa faili zima), iweke na Content-Range ikitaja inatoa wapi mpaka wapi na faili zima lina baiti ngapi. SimpleHTTPRequestHandler ya Python 3.12 kwa mfano haijui hayo, inakurushia faili toka mwanzo, ndo maana mtu analalamika muvi inacheza ila haisogei. Irithi hiyo klasi uandike do_GET yako (sehemu inayojibu maombi ya kuchukua faili), soma heda, fungua faili, seek, yaani ruka, mpaka baiti iliyoombwa, tuma kipande kipande. Usilisome lote kwa mkupuo, muvi ya GB 2 kwenye RAM ya GB 2 mtagombana.

DLNA, ile tivi ijitafutie seva yenyewe, mi siisumbukii, naandika http://192.168.1.20:8000/muvi.mp4 (anwani ya laptopu, porti, na jina la faili) kwenye VLC, ile pleya ya video, twende. Ila porti hiyo msiifungue kwenye rauta kwenda nje, haina hata nywila.