Kindle au Kobo? Mi nshachagua
Watu wananiuliza sana ipi bora kati ya Kindle ya Amazon na Kobo, hivi vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali, jamani inategemea unasoma nini na unakipata wapi. Mi natumia Kobo Clara 2E sababu nikiwa na faili la EPUB (aina ya faili la kitabu cha kidijitali) nachomeka waya kwenye kompyuta, nakopi, basi, linafunguka. Kindle nayo tangu 2022 inapokea EPUB ila mpaka uitume kwa Send to Kindle (huduma ya Amazon ya kutuma faili kwa intaneti), inabadilishwa kwanza huko ndo inaingia, na kama bando limekata subiri. Ila duka la Amazon kwa vitabu vya Kiingereza ni kubwa, hapo sibishi.

Kuzoea sasa ndo ishu. Kioo cha vifaa hivi ni cha wino wa kielektroniki, kinajivutavuta ukigeuza ukurasa, mtu wa TikTok anaona kama kimeganda, lakini hakichomi macho kama simu, hata juani unasoma fresh na chaji inakaa wiki kadhaa. Kinachoniudhi ni PDF, kwenye inchi 6 maandishi yanakuwa kama sisimizi, unakuza unasogeza unakuza tena mpaka hamu inaisha, za hivyo nasomea tableti tu. Na vya Kiswahili bado nanunua vya karatasi, kwenye maduka ya Kindle na Kobo ni vichache mno.